Mvinyo wa Dodoma kwenye runinga ya Kampala

Tangu Jumamosi simu yangu haijatulia. Watanzania wenzangu wa Kansanga na Kabalagala wameniona kwenye kipindi cha mapishi, nimesimama nyuma ya meza na glasi mkononi, na kila mmoja ana lake. Mmoja anauliza chupa ile inapatikana wapi. Mwingine ananiambia, "Kaka, kumbe kunusa glasi nako ni kazi?" Ni kazi, na naipenda sana. Ila kipindi kilinipa dakika chache tu, na mengi niliyoyasema yalikatwa wakati wa kuhariri. Acha niyaweke hapa.

Kwa wasionifahamu, mimi ni mtoto wa Hombolo, Dodoma, nimekulia kwenye nyumba inayoishi kwa zabibu. Hapa Kampala nipo mgahawani: nachagua mvinyo, nautunza, namshauri mteja anywe upi na chakula gani.

Chakula cha siku ile kilikuwa luwombo ya kuku na karanga. Waganda husimulia kuwa ilibuniwa na mpishi wa Kabaka Mwanga, mwaka 1887, na ukiiona inavyoandaliwa utaelewa kwa nini ilifaa meza ya mfalme. Mama mpishi, mtu wa Masaka aliyeishi Nairobi miaka mingi, alianza kunisemesha Kiswahili mara tu aliposikia lafudhi yangu. Alilichuna jani la mgomba uti wake wa nyuma taratibu bila kulipasua, akalipitisha juu ya makaa hadi likalainika na kung'aa. Kuku na mchuzi wa karanga vikaingia ndani, jani likakunjwa, likafungwa kwa ukambaa, likawekwa kwenye mvuke. Lilipofunguliwa, harufu yake ilikuwa ya moshi kwa mbali, karanga, na ubichi wa jani. Mimi mvinyo nauchagulia hapo, kwenye harufu ya chakula chenyewe.

Mtayarishaji alipenda tutumie mwekundu kwa sababu unapendeza kwenye kamera. Nikamwomba tutumie mweupe. Mvinyo mwekundu una tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi kama chai ya rangi iliyochemshwa kupita kiasi. Nyama ya ng'ombe yenye mafuta huutuliza ukakasi huo. Kuku wa luwombo ni laini mno, angefunikwa kabisa. Mchuzi wa karanga nao ni mzito, unagandamana na kinywa, kwa hiyo unahitaji kitu chenye uchachu wa kuusafisha ili tonge linalofuata liwe na ladha kama la kwanza. Nikamimina Chenin Blanc ya kwetu Dodoma, mvinyo mweupe mkavu, yaani usio na utamu, uliopoa vizuri.

Suala la kupoa nalo lilikatwa, na nasikitika, maana kwa miji yetu ni muhimu kuliko jina lililo kwenye lebo. Vitabu vinasema mwekundu unywewe kwa joto la chumba. Chumba hicho ni cha Ulaya ya zamani, nyuzi 16 hadi 18 hivi. Kampala mchana hufika 27 na zaidi. Mvinyo mwekundu ukiwa na joto hilo, pombe inatangulia puani na tunda linapotea, halafu mtu anasema mvinyo ni mchungu, haumfai. Uweke kwenye friji dakika 20 kabla ya kumimina. Ukiwa na pilipili mezani, epuka mvinyo wenye pombe kali, maana huuongeza moto wake.

Lililoniuma zaidi kukatwa ni habari ya zabibu zenyewe. Wengi huku wanadhani mvinyo wote unatoka Afrika Kusini au Ulaya, na rafu za maduka zinawapa sababu ya kudhani hivyo. Lakini Dodoma wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu Bihawana zamani, na leo tuna aina nyekundu ya Makutupora, yenye jina la mahali palepale kwetu. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima anaupogoa, maji yakiwapo unachipua, na anavuna mara mbili: mnamo Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Mnunuzi asipotokea zabibu zinaharibika shambani, ndiyo maana wengine hukamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye mizabibu hiyo. Kwa hiyo mtu akiniambia mvinyo ni mambo ya Wazungu, namsimulia habari za mama yangu na kisu chake cha kupogolea.

Na Uganda haihitaji kufundishwa uchachu. Watu hapa wanakamua ndizi mbivu kwa majani, wanachanganya na mtama uliokaangwa, wanaacha vichachuke kwenye mtumbwi wa mti, wanapata tonto, pombe ya ndizi. Mama mpishi alipoonja Chenin yangu baada ya tonge la luwombo, alinyamaza kidogo, akaonja tena, akasema, "Uchachu huu naujua, kwetu upo kwenye tonto." Kwangu mimi hilo ndilo lilikuwa neno kubwa la siku nzima. Halikurushwa.

Wamenialika tena, safari hii kwa muchomo wa mbuzi, yaani nyama choma, na hapo mwekundu ndiyo mahali pake. Ndugu yangu anakuja kwa basi kupitia mpaka wa Mutukula na chupa za Makutupora kwenye begi, amezifunga kwenye nguo. Nimeomba kitu kimoja tu: chini ya jina langu kwenye skrini waandike Hombolo, Dodoma.