Deni la hospitali na fomu ya mdogo wangu

Leo alasiri, nikiwa Kibirizi, Kigoma, nasubiri dagaa waanuliwe, mdogo wangu alinipigia simu kutoka Virginia, Marekani, ambako sasa ni raia.

Ameomba kazi ya serikali inayohitaji kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kuaminiwa na siri za serikali, na fomu yao, SF-86, inamtaka ataje deni lolote lililochelewa kulipwa kwa zaidi ya siku 120 katika miaka 7 iliyopita.

"Kaka, na lile la hospitali niliandike?"

Ni la mkewe alipougua.

Nilimwambia aliandike, kwa kuwa kuficha ni kosa jingine kubwa zaidi. Wapekuzi huhofia kwamba mtu aliyebanwa na madeni anaweza kushawishika kuuza siri, lakini ugonjwa, pamoja na mpango wa kulipa unaofuatwa kweli, huhesabiwa upande wake.

Akanitumia picha ya stakabadhi zake za kulipa deni hilo, moja kila mwezi, zimeshikwa na kibanio cha nguo.

Ya mwezi tuliofiwa na baba nayo imo.

Nimeitazama hiyo mpaka jua likazama upande wa Kongo.

Ndugu zangu, aliyewahi kupitia upekuzi wa namna hii anieleze aliulizwa nini.