Kuligusagusa faili

Jumanne imepita, Jumatano imepita, na bado namsikia Mzee wetu wa kazini mbele ya kitengo kizima: "Kwa hiyo dawa yako ni kuligusagusa faili mpaka liseme kweli?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka nao, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Tatizo lenyewe lilikuwa hili. Programu moja ndani ya kontena, kile kiboksi cha kuendeshea programu kwenye seva zikiwa zimetengwa, inafungua faili la mipangilio ili isome, ya pili inaliandika, na ya kwanza inaendelea kusoma maneno ya zamani. Mchawi alikuwa OverlayFS, mfumo wa mafaili wa Linux unaopanga tabaka juu ya tabaka. Faili linakaa tabaka la chini, ambalo haliandikwi, na msomaji anashikishwa hilohilo. Akija wa kuandika, mfumo unalinakili kwanza kwenye tabaka la juu, kisha yeye anaandika kwenye nakala. Msomaji wa watu hana habari. Jina moja, mafaili mawili! Nikaweka amri ya touch, yaani "gusa", inayogusa faili bila kubadili maneno yake, kabla programu hazijawaka, nakala ipande mapema, wote wafungue ileile. Ikakubali.

"Inafanya kazi, Mzee," nilimjibu.

"Sijauliza kama inafanya kazi."

Tangu hapo nimeshatunga majibu kama kumi, yote makali, yote yamechelewa. Katikati ya hayo dada amejifungua mtoto wa kiume na sisi tumehama nyumba. Sijauliza kama inafanya kazi. Sasa aliuliza nini?

Jana usiku, hasira bado ziko kooni, nikatazama toleo la kerneli, kile kiini cha Linux, kwenye seva. 4.15. Nikaguna. Kasoro hii ilirekebishwa kwenye 4.19, mwaka 2018: tangu hapo kila ombi la kusoma linapitia kwa OverlayFS mwenyewe, naye anaangalia kama nakala imeshapanda, ikiwa imepanda anasoma huko. Nikaweka kerneli mpya kwenye mashine ya majaribio, nikafuta touch yangu, nikafungua faili kwa kusoma, nikaliandika kutoka dirisha la pili, nikarudi kusoma. Maneno mapya! Saa nane za usiku, niko peke yangu, nimeinua mikono kama niliyefunga goli.

Mikono nikaishusha baada ya kukumbuka mmap, wito wa kulitandaza faili kwenye kumbukumbu ya mashine. Aliyelitandaza hivyo kwa MAP_SHARED, yaani kwa kushirikiana na wengine, kabla halijanakiliwa, hata kerneli mpya haimsaidii, anabaki na ya kale. Nikapekua msimbo wetu. Sehemu moja tu inafanya hivyo, na niliiandika mimi.

Kwa hiyo kesho naingia kwa Mzee na kerneli mpya mkono huu, touch ya sehemu hiyo mkono ule, na swali lake nalijua kabla hajafungua mdomo. Afadhali safari hii aniulize tukiwa wawili.

Dada hapokei simu tangu mchana. Mama anasema amelala tu, lakini Mama naye alilisema haraka mno.