Insulini Safarini Lamu

Nina kisukari, na katika basi la Malindi kwenda Mokowe, gati la kuvukia Lamu, joto hunitia wasiwasi kuliko chakula, kwa kuwa insulini iliyokwisha kufunguliwa, ingawa aina nyingi hudumu takriban siku 28 nje ya jokofu, haifai kupita nyuzi 30 za Selsiasi. Kwa hiyo naiweka ndani ya kikopo kilichozungushiwa kitambaa kibichi na kukipakata, wala siipakii kwenye buti.

Lamu kwenyewe mtihani ni sinia: mimi huanza na samaki wa kupaka na kachumbari, nikachota wali wa nazi kiasi cha ngumi, nikaomba kahawa tungu badala ya sharubati. Halwa naionja tu, mwenyeji asinune. Glukosi haikosi mfukoni, maana sukari ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita, huhitajika gramu 15 papo hapo, kisha kupima tena baada ya dakika 15.