Miaka Mitatu Juu ya Jiwe

Wajapani wana methali isemayo Ishi no ue ni mo san nen, yaani hata jiwe, ukilikalia kwa miaka mitatu, hupata joto. Aghalabu huambiwa mtu aliyeanza kazi au ufundi, ambaye moyo umeanza kumvunjika kabla mikono haijazoea. Naipenda kuliko methali nyingi za subira kwa sababu moja: joto linatoka kwa aliyekaa. Katika mvumilivu hula mbivu, tunda huiva lenyewe na kazi ya mvumilivu ni kungoja. Jiwe halina ukarimu huo, na anayelikalia hana budi kutoa joto lake kila siku, ingawa kwa muda mrefu hataona dalili yoyote ya kurudishiwa.

Katika ufundi wa sushi, chakula cha Kijapani cha wali wenye siki, aghalabu pamoja na samaki, kuna msemo kwamba kupika wali ni miaka mitatu na kufinyanga sushi ni minane, na mwanagenzi wa mtindo wa zamani huanza kwa kuosha vyombo na kusafisha sakafu. Mtu wa nje huona kijana anapotezewa wakati. Lakini itazame kazi yenyewe: mchele uliovunwa karibuni una unyevu mwingi kuliko uliokaa, hivyo huhitaji maji pungufu, wali ukiiva humiminwa katika beseni pana la mbao, hunyunyiziwa siki iliyotiwa chumvi, kisha hukatwakatwa kwa mwiko bila kukorogwa, ili punje zisipondeke, huku ukipepewa upoe na kung'aa. Kiasi cha siki kinaweza kuandikwa. Uzito wa mkono unaoshika mwiko hauandikiki, na haupatikani ila kwa kurudia.

Hata hivyo, sikubali methali hii itumiwe kumfunga mtu. Huko huko Japani vijana wameambiwa kwa muda mrefu wasiache kazi ya kwanza kabla ya miaka mitatu, na bado takriban asilimia 30 ya wahitimu wa vyuo vikuu huiacha ndani ya muda huo. Siwezi kuwaita wote wavivu, kwa kuwa nchi hiyo hiyo ina jina maalumu la kifo kinachosababishwa na kazi kupita kiasi, karoshi, na mwaka 2014 ililazimika kutunga sheria ya kukabiliana nacho. Ukomo wa saa za ziada, ambao kwa kawaida ni saa 45 kwa mwezi, ulianza kutumika kwa makampuni makubwa mwaka 2019. Mwajiri anayemnukulia mfanyakazi aliyechoka habari za jiwe, ilhali hamfundishi kitu wala hamwachi alale, anaidhulumu methali pamoja na mtu.

Kwa hiyo mdogo wangu aliponiuliza kama aache uanagenzi wa useremala, sikuanza kwa kumhesabia miaka. Nilimuuliza nani anamfundisha, anapumzika lini, na leo anaweza kufanya nini ambacho mwanzoni hakukiweza. Akanijibu kwamba fundi wake humsimamia mwenyewe, Jumapili ni yake, na siku hizi ananoa randa bila kuelekezwa na kupiga randa mbao za mlango hadi zikakutana bila upenyo. Nilimwambia aendelee, ingawa ujira wake bado ni mdogo na wateja hawamjui kwa jina.