Kituo cha mafuta karibu na kisima: ya kudai kabla shimo la matangi halijachimbwa

Ploti ikizungushiwa mabati kando ya barabara, iwe Utange, Kiembeni au Mtwapa hapa pwani ya Kenya, na neno likaanza kuzunguka kwamba hapo patajengwa kituo cha mafuta, jambo la kwanza wakazi husema ni moto. Kitalipuka, tutaungua. Ndiyo hoja inayojaza baraza la chifu, na ndiyo hoja ambayo mwenye mradi huja ameshajiandaa nayo. Ataonyesha mchoro wa vizima moto, ndoo za mchanga na barua ya zimamoto, kisha mkutano utafungwa kwa maombi.

Moto ni hatari ya kweli, sikatai. Lakini kwa mtu anayeishi mita 40 kutoka kwenye pampu na kuteka maji ya kisima, hatari inayokaa naye miaka 20 iko chini ya miguu yake, na haina kelele.

Sehemu kubwa ya ukanda huu wa pwani imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mchimba kisima yeyote atakwambia: jiwe lina matundu na nyufa, na maji hupita humo kama kwenye mfereji. Udongo wa mfinyanzi huyachelewesha mafuta yaliyomwagika. Mwamba huu huyapisha. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo ikiyafikia maji ya chini huelea na kutandaa juu yake. Kibaya zaidi ni kile kinachoyeyuka ndani ya maji, hasa benzeni, ambayo inajulikana kusababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 za benzeni kwa lita moja ya maji ya kunywa. Ulimi wa binadamu huanza kuihisi ikikaribia mikrogramu 500. Yaani maji yanaweza kuwa yamepita kikomo mara 50 na bado ukamaliza glasi nzima bila kukunja uso. Kuyachemsha huihamisha benzeni kutoka kwenye sufuria hadi kwenye hewa ya jikoni. Dawa ya klorini ya kutia kwenye mtungi huua vijidudu, mafuta haiyagusi.

Sasa tuangalie yanavyovuja. Chukua kiungo cha bomba kinachodondosha tone moja kila sekunde. Tone la petroli ni dogo, kama mililita 0.03, lakini siku ina sekunde 86,400. Hesabu inatoka zaidi kidogo ya lita 2.5 kwa siku, zaidi ya lita 900 kwa mwaka. Ukimuuliza meneja atajibu kwamba hilo haliwezekani kwa sababu kila asubuhi wanapima tangi kwa fimbo. Hapo ndipo wengi hunyamaza, nao hawakupaswa kunyamaza. Petroli hutanuka kwa takriban sehemu moja kwa elfu kila joto linapopanda nyuzi 1. Tangi lenye lita 20,000 likipata tofauti ya nyuzi 5 kati ya mafuta yaliyotoka kwenye lori juani na yale yaliyolala chini ya ardhi, ujazo unabadilika lita 100. Katika lita 100 zinazopanda na kushuka, lita 2.5 zitaonekana wapi? Fimbo hugundua janga, haigundui tone.

Kwa hiyo swali la kwanza la kupeleka kwenye mkutano ni hili: tangi lina kuta ngapi? Tangi la kuta mbili lina uwazi katikati, na ndani ya uwazi huo huwekwa kitambuzi kinachopiga kengele ukuta mmoja ukitoboka, kabla tone halijafika kwenye udongo. Tangi la chuma la ukuta mmoja lililofukiwa kwenye mchanga ni rahisi kununua, na kwenye ardhi yenye maji ya chumvi huliwa na kutu mapema kuliko bara. Akisema limepakwa lami, muulize nani atakagua lami hiyo baada ya tangi kuburutwa na kushushwa shimoni. Mkwaruzo wa upana wa kidole unatosha kuwa mahali pa kutu kuanzia.

Swali la pili ni la mabomba, kwa kuwa mara nyingi kinachoanza kuvuja si tangi bali viungo vya mabomba kati ya tangi na pampu. Kuna mifumo miwili. Katika mmoja, pampu iliyo juu huvuta mafuta. Bomba likitoboka, hewa huingia na mafuta hurudi tangini, pampu ikaanza kukohoa na mhudumu akagundua. Katika mwingine, mota iliyozamishwa ndani ya tangi huyasukuma mafuta. Bomba likitoboka, husukumwa nje kwenye udongo na pampu inaendelea kuuza kama kawaida. Mfumo wa kusukuma unaruhusiwa na una faida zake, ila hauna udhuru wa kukosa kitambuzi cha uvujaji kwenye bomba lenyewe. Dai pia cheti cha jaribio la presha, lililofanywa kabla mabomba hayajafukiwa. Likifanywa baadaye, mtakuwa mnaangalia saruji tu.

Kama maji kwenye visima vyenu yako karibu, pimeni kwa kamba yenye jiwe na muandike kina wakati wa kiangazi na wakati wa masika. Shimo la matangi likifika kwenye maji, tangi tupu hutaka kuelea. La lita 20,000 likizama lote husukumwa juu kwa nguvu ya tani 20, na lenyewe halina hata robo ya uzito huo. Lisipofungwa kwa mikanda kwenye bamba la zege, hunyanyuka kidogo siku ya mvua kubwa, na kunyanyuka huko kidogo ndiko kunakovunja viungo vya mabomba. Mchoro usioonyesha kina cha maji ya chini haujakamilika, na mnayo haki ya kuandika hivyo.

Juu ya ardhi kuna kabro, yale matofali ya kutandaza chini. Kila mtu anazipenda, zinapendeza, lakini baina ya kabro na kabro kuna mchanga, na mchanga ni mlango. Mahali pa kujazia magari na pale lori linaposhushia mafuta panatakiwa kuwa zege isiyopitisha, yenye mwinuko mdogo wa kuelekeza maji kwenye mfereji, na mfereji uende kwenye chemba ya kutenganisha mafuta na maji. Chemba hii huwa na vyumba vitatu: cha kwanza hukamata mchanga, cha pili huyaacha mafuta yaelee, na cha tatu hupokea maji kupitia bomba lililopinda ambalo mdomo wake uko chini, mbali na tabaka la mafuta. Ni kitu rahisi na kinafanya kazi vizuri mpaka pale kinapoharibiwa kwa njia tatu ninazoziona zikirudiwa. Ya kwanza ni mahali pa kuoshea magari: sabuni huyavunja mafuta kuwa chembe ndogo zisizoelea, zikapita vyumba vyote vitatu. Maji ya kuoshea yawe na njia yake. Ya pili ni paa. Sehemu ya wazi ya mita za mraba 300 ikinyeshewa milimita 50 kwa saa hutoa lita 15,000. Ukiunganisha na maji ya paa la pampu, chemba hufurika na mafuta ya miezi mitatu hutoka kwa mkupuo mmoja. Ya tatu ni uvivu: haizolewi. Ulizeni nani atazoa, kila baada ya muda gani, na mafuta machafu yatapelekwa wapi.

Harufu nayo ina hesabu yake. Tangi likipokea lita 10,000, lita 10,000 za hewa iliyojaa mvuke wa petroli lazima zitoke, na hutokea kwenye yale mabomba membamba yaliyosimama ukutani, ya kupumulia. Katika kushusha mara moja, hewa hiyo hubeba kilo 9 hadi 14 za petroli, kutegemea kama bomba la kujazia linafika karibu na sakafu ya tangi au mafuta yanamwagika kutoka juu kama maporomoko. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa: huteremka, hutambaa, huingia kwenye mitaro na madirisha ya chini. Dawa yake inajulikana: mpira wa pili unaorudisha mvuke ndani ya lori wakati wa kushusha, ambao hupunguza zaidi ya tisa ya kumi ya mvuke huo. Dai uandikwe kwenye masharti ya leseni. Na angalia kwenye mchoro mabomba ya kupumulia yamewekwa upande gani. Mchoraji huyasukuma kwenye ukuta wa nyuma ili yasiharibu sura ya mbele, na ukuta wa nyuma ndio unaopakana na chumba cha kulala cha jirani.

Kelele nitapita haraka. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaruhusu desibeli 50 nje ya nyumba mchana na 35 usiku, na usiku unaanza saa 2 na dakika 1 jioni hadi saa 12 asubuhi. Eneo lililochanganyika na biashara ni 55 mchana, lakini usiku ni ile ile 35. Jenereta bila kibanda cha kuzuia sauti haiwezi kukaa humo. Ujenzi karibu na makazi unaruhusiwa desibeli 60 mchana, na mchana wake unaisha saa 12 jioni. Programu ya simu si ushahidi wa mahakamani, ila inatosha kujua kama inafaa kumwita ofisa aje na mashine.

Jambo moja msiliache hata mkiacha mengine yote: pimeni maji kabla ya shimo. Bila kipimo cha awali, siku mtakapolalamika mtaambiwa kwamba mafuta yalitoka kwenye gereji ya zamani, na hamtakuwa na jibu. Chagueni visima vitatu, viwili upande wa baharini kwa kuwa maji ya chini kwa kawaida huelekea huko, na kimoja upande wa juu. Ombeni chupa kwenye maabara iliyoteuliwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira: ni vichupa vya kioo cha kahawia vya mililita 40, si chupa ya soda. Plastiki hufyonza benzeni. Kijaze kwa utaratibu mpaka maji yavimbe mdomoni, funga, kigeuze juu chini. Ukiona kiputo cha hewa, mwaga uanze upya, kwa sababu benzeni itahamia kwenye kiputo. Kitie kwenye barafu na kifike maabara kesho yake. Kwenye fomu andika kwamba unataka benzeni na wenzake (kundi la BTEX) pamoja na jumla ya mafuta. Ukiandika “kupima maji” tu utapewa majibu ya chumvi na vijidudu.

Kuhusu makaratasi, milango mikuu ni miwili na watu hukosea kwa kugonga mmoja. Wa kwanza ni kaunti, inayobadilisha matumizi ya ploti kutoka makazi hadi biashara chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019. Usiporidhika na uamuzi wake, una siku 14 tu za kwenda kwa kamati ya uhusiano ya kaunti. Wa pili ni NEMA. Mradi ukipitia utafiti kamili wa athari kwa mazingira, tangazo hutoka katika gazeti rasmi la serikali na la kawaida. Ukipitia ripoti fupi, huenda usione tangazo lolote. Ndiyo maana mtu huamka na kukuta leseni imeshatoka. Usisubiri tangazo. Andikia NEMA barua ukiomba nakala ya ripoti. Sheria ya kupata habari ya 2016 inawapa siku 21 kujibu. Ukipata nakala ya leseni, soma tarehe: kwa kawaida mradi unatakiwa kuanza ndani ya miezi 24.

Tahadhari na karatasi za mahudhurio. Saini uliyotia ili upewe soda huweza kuambatishwa kwenye ripoti kama ushahidi kwamba ulishirikishwa na hukupinga. Andika maoni yako mwenyewe, taja namba ya ploti yako, umbali wa kisima chako kutoka mahali pa matangi, na ubaki na nakala yenye mhuri.

Leseni ikitoka, rufaa huenda kwa jopo la kitaifa la mazingira, NET, ndani ya siku 60. Piga picha ya mabati siku ya kwanza kuyaona, maana ubishi wa lini hasa ulijua hauishi mbele ya jopo. Na usidhani rufaa yenyewe inasimamisha ujenzi. Siku hizi lazima uombe amri ya kusimamisha, na uiombe siku hiyo hiyo unayowasilisha. Anayedhani atangoja madhara kisha adai fidia, aangalie mtaa wa Owino Uhuru hapa hapa Mombasa: kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza 2007, hukumu ya Sh1.3 bilioni ikatoka 2020, ikatenguliwa 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Kituo kikifunguliwa, rudieni vipimo kwenye visima vile vile, mara moja baada ya masika na mara moja mwisho wa kiangazi, na kila mwaka ombeni NEMA ripoti ya ukaguzi ambayo mwenye kituo anatakiwa kuipeleka. Maabara ikipata benzeni mahali ambapo kipimo cha kwanza hakikuona kitu, funikeni kisima hicho siku hiyo hiyo, zimeni pampu ya umeme isiendelee kuyavuta mafuta upande wenu, na mpeleke majibu yote mawili NEMA yakiwa yamebanwa pamoja.