Besidei ya mwaka mmoja nyumbani, bila kukopa

Siku hizi kwenye magrupu ya WhatsApp naona kina mama wanaulizana keki ya mwaka mmoja bei gani, kukodi tenti bei gani, juzi kuna mmoja kaulizia kama kuna mtu wa kumkopesha hela ya besidei ya mwanawe na wallahi roho iliniuma, manake mtoto wa mwaka mmoja hajui tenti wala keki ya ghorofa tatu, anajua mamake, babake, nyanyake na usingizi wake wa mchana, basi. Deni ndo litakumbuka hiyo siku, yeye hatakumbuka.

Sisi hapa Langoni, Lamu, tulifanya ya kwetu juzijuzi kwa elfu nne na ushee na watu walishiba wakabaki kupiga stori, kwa hivyo naandika vile tulivyofanya, mwenye kuchukua achukue.

Kwanza saa. Hili watu wanalidharau na ndo kubwa kuliko yote. Mtoto akikatizwa usingizi utapiga picha zote analia. Wetu hulala baada ya Adhuhuri, kwa hivyo tuliwaambia watu waje baada ya Alasiri, saa kumi hivi, na kabla ya adhana ya Magharibi kila mtu awe ashaenda zake. Saa mbili zinatosha kabisa kwa mtoto wa umri huo, na pia mkiwa na wageni wa saa mbili hamna haja ya kupika chakula cha usiku, hapo tu ushaokoa kilo ngapi za nyama na mchele.

Halafu mama mkwe alisema yeye besidei haijui, anajua dua. Sikubishana naye hata kidogo. Tukaanza na Fatiha, babu akamuombea mtoto umri na afya, na nilifurahi sana manake kuna jamaa zetu ambao besidei hawaji ila kwa dua walikuja, wakakaa, wakala. Kama kwenu iko hivyo nakushauri uanze na dua, inaleta watu pamoja.

Chakula sasa. Lamu kitu cha dukani lazima kivuke maji, kinatoka Mokowe kwa boti, kinashushwa, kinabebwa na hamali au punda mpaka mtaani, na kila mkono unaokigusa unaongeza bei, kwa hivyo masoda na machipsi ya pakiti ya watu thelathini ni hela nyingi za bure. Tulipika mbaazi za nazi, mahamri, sambusa za samaki na jagi kubwa za ukwaju, mahamri wifi zangu walikuja asubuhi tukasukuma pamoja, sinia na masufuria makubwa tuliazima kwa majirani (kila nyumba ina sinia, usinunue sahani za kutupa). Mbaazi zikishaiva na tui, kabla hujatia chumvi na pilipili, mchotee mtoto bakuli lake uziponde, hicho ndo chakula chake cha sherehe na atakila vizuri tu. Ukwaju ulikuwa wa wakubwa, yeye maji, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linasema watoto wa miezi 6 mpaka 23 wasipewe vinywaji vya sukari.

Keki hatukuagiza, tulipika mkate wa mayai. Mayai 6, sukari kikombe 1, unga wa ngano kikombe 1, iliki ya kusagwa, hamira hakuna wala siagi hakuna, kwa hivyo kupanda kwake kote kuko kwenye mkono wako. Piga mayai na sukari mpaka yawe meupe mazito, ukinyanyua mwiko ukachora herufi juu yake inakaa kidogo ndo inazama, hapo ndo utie unga kidogo kidogo ukichanganya polepole, ukiharakisha upepo unatoka na mkate unalala. Sufuria iwe ishapakwa samli na ishapata moto, makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko, na usifunue funue. Ukichoma kijiti kikatoka kikavu epua. Sisi tulipika miwili, tukatia zabibu kavu juu ya mmoja, wa pili tukauacha mtupu kwa ajili ya wadogo kwa sababu zabibu nzima inaweza kumkaba mtoto.

Na kwenye kukaba niwe mkali kidogo. Njugu, bisi, mabuyu yenye kokwa, hivyo viwe kwa watoto wakubwa na viwekwe juu. Asali usimpe mtoto wa mgeni ambaye hajafika mwaka, hata ya kulamba, inaweza kumletea sumu mbaya ya tumboni. Na baluni mimi sikuweka kabisa, kipande cha baluni iliyopasuka mtoto anakitia mdomoni hujamuona, kinaziba koo, na kikipeperuka kikaingia baharini kasa wanakula.

Dekoresheni ilikuwa leso, yaani kanga. Nilitoa leso zangu na za mama tukazitundika ukutani za rangi zinazoshabihiana, tukaning'iniza asmini zilizotungwa kwenye uzi, nyumba nzima inanukia, na picha zilitoka nzuri mpaka watu wananiuliza nilimuita nani kupamba. Mkeka chini, watoto wanatambaa wanavyotaka. Picha pigeni mwanzo mwanzo, kabla ya chakula, nguo bado safi.

Watoto wakubwa tuliwapa kashata kwenye bahasha za gazeti, mifuko ya plastiki tangu 2017 hairuhusiwi.

Zawadi: watu watakuuliza walete nini, usiseme "chochote tu" kwa haya, utapata midoli mitano inayofanana na viatu ambavyo havitamtosha mwezi ujao. Sisi tulisema wazi, mwenye nafasi alete nguo ya saizi ya miaka miwili au pakiti ya nepi, asiye na nafasi aje tu ale. Wengi walishukuru kuambiwa, na nepi bado tunazo kabatini.