Kutwa nzima Moshi tunafanya nini: nyumba ya walimu wa muziki, na watoto wa solfa

Kila nikipiga simu nyumbani Kisauni swali ni lile lile, huko Moshi kutwa nzima unafanya nini hasa, na mshahara hulipwi? Basi leo naandika yote kwa pamoja, mwenye chai yake akae asome.

Tunaishi wanne kwenye nyumba ya kupanga upande wa Rau. Mimi wa Mombasa, dada mmoja wa Kampala, kaka wa Malawi anapiga gitaa balaa, na kijana Mjerumani anapuliza tromboni. Wote tumekuja kujitolea kufundisha muziki, asubuhi shule za msingi, jioni vijana wa mtaani. Mimi nilikuja kwa basi tu, Voi, Taveta, unavuka Holili, Himo alafu Moshi, yaani sio mbali kihivyo, lakini baridi ya mwezi wa saba jamani kwa mtu wa pwani ni habari nyingine kabisa, nalala na soksi na sweta. Ila ukitoka nje alfajiri kabla mawingu hayajapanda unaiona Kibo yote, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, theluji inang'aa, alafu ikifika saa nne hivi mlima umeshajifunika na watu wanaendelea na mambo yao kama haupo.

Kupika tunapokezana. Kaka wa Malawi akisonga nsima yake ni laini kuliko ugali wa hapa, sisi wengine tumeshaizoea. Siku yangu natafuta perege wa Nyumba ya Mungu pale sokoni, nazi nayo haioti huku juu inaletwa toka pwani kwa hiyo inauzwa ghali, lakini wali wa nazi siwezi kuuacha. Bibi jirani akisikia mmoja wetu anaumwa haulizi, anatuma mjukuu na sufuria ya mtori. Na tumekubaliana na majirani kwamba ikifika saa tatu usiku tromboni kimya, na kabla ya hapo wenyewe wakipita wanasimama getini kusikiliza.

Sasa nije kwenye kitu ambacho ndio kimenifanya niandike. Tulipoanza kulikuwa na mjadala mkubwa nyumbani, usiku hadi usiku, darasa la tano tuwaanzishie wapi. Mjerumani kwao mtoto anaanza na mistari mitano, nota zile za vichwa vyeusi na vyeupe, na alizifundisha kwa bidii sana, daftari za watoto zilikuwa nzuri mpaka raha kuziangalia, lakini ukiwaambia haya imbeni ulichochora, kimya. Siku moja yule dada wa Kampala akachukua chaki akaandika hivi ubaoni kwa solfa, yaani nota za herufi, d ni do, r ni re, m ni mi, s ni so:

| d :r | m :s | m :r | d :- |

Hakupiga kinanda, hakusema neno, akawapa do kwa mdomo tu. Darasa zima likaimba palepale, na ile do ya mwisho wakaivuta mapigo mawili kamili kama kistari kinavyotaka. Nilisisimka.

Ndio watoto wa huku hao. Wengi wamelelewa kwenye kwaya, mama yuko sauti ya pili, baba besi, mtoto anasinzia kwenye benchi mazoezi yanaendelea, akiamka solfa imeshamuingia. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro 1893 na uimbaji wa sauti nne ukashika mizizi huku. Solfa yenyewe ilianzia Uingereza, mama mmoja anaitwa Sarah Glover ndiye aliyeanza, John Curwen akaiendeleza karne ya 19, na ukiangalia utaelewa kwa nini imeenea kote huku kwetu: haitaki karatasi maalum wala mashine ya kuchapia nota, ni herufi, nukta mbili na vistari basi. Mwalimu wa kwaya anaandika kwa mkono, anapiga picha, anarusha WhatsApp, jioni watu wameshashika wimbo. Alafu do inahama. Mwalimu akiona soprano wanakabwa anaishusha, anatoa do mpya, kila sauti inachukua nota yake hapo hapo na hakuna kilichobadilika kwenye karatasi.

Hapo ndipo nasimama mimi na sitoki. Mtoto ana ngazi mdomoni tayari, kwa nini umshushe uanze kumjengea nyingine toka chini? Mpandishe na ile aliyonayo, mistari mitano itamkuta juu. Saivi tunafanya hivyo na Mjerumani ndio amekuwa mtetezi wa kwanza, kwa sababu ameona faida kwenye tarumbeta. Tarumbeta zetu ni za Bi flati, ile C yake kwenye kinanda inalingana na Bi flati, sio C, kitu ambacho kinachanganya watu wazima, lakini mtoto wa solfa ukimwambia hapa do imehama anasema sawa mwalimu na anapuliza. Unamwonyesha kwamba bila kubonyeza valvu hata moja, kwa kukaza mdomo tu, anapata do, so, do ya juu na mi ya juu, macho yanamtoka. Na zile ishara za mkono, do ngumi usawa wa tumbo, mi kiganja kimelala, so kiganja kinatazama kifua, wanazipenda mno, nawakuta wakati wa mapumziko wanaimbishana kimya kimya kwa mikono tu.

Sio kila kitu kinaingia kwenye solfa lakini, na hili nalisema kama mtoto wa taarabu. Zile sauti za katikati, zinazokaa kati ya nota na nota, ambazo udi na fidla vinazipata, solfa haina herufi yake. Kuna watoto wa madrasa darasani kwangu wanaoimba kaswida, wao sikio ndio daftari, ukiwabana na karatasi unawaharibia. Kwa hiyo vipindi vyangu mimi karatasi naiweka pembeni, tunapiga chakacha kwenye madawati na ndoo za rangi, mapigo sita, mkono wa kulia unayagawa mara tatu, wa kushoto mara mbili, polepole kwanza, mpaka mikono iache kugombana. Wakishaipata wanataka kuikimbiza iwe singeli! Nawaacha wakimbize kidogo, kwa sababu mtoto anayeshika pigo kwenye mwendo ule wa singeli bila kulipoteza huyo ana kitu.

Umeme ukikatika ndio tunaimba zaidi, kinanda kinakula betri sana.

Jumamosi moja natoka dukani kwa Mangi na mkate, harusi inapita, si mnajua harusi za huku, pikapu mbele, nyuma wamesimama vijana wa matarumbeta, bibi harusi kwenye gari la maua, bodaboda zinapiga honi pembeni. Pale barabarani kulikuwa na mtoto wa darasa langu, mpole kabisa, darasani hanyooshi kidole, amebeba kidumu cha maji. Pikapu ilipopunguza mwendo nikamsikia anaimba wimbo wa tarumbeta kwa solfa, sio maneno, nota, so so la so mi, tarumbeta ikigeuka naye anageuka nayo. Hakuna aliyemfundisha wimbo ule kwa nota, alikuwa anazitoa mwenyewe kwa sikio. Nikamwambia umesikia tarumbeta ya pili imefanya nini? Akaniambia shikamoo mwalimu, alafu akaniimbia ya pili. Nilifika nyumbani nawasimulia wenzangu hata mkate sijauweka mezani, na Jumatatu Mjerumani akampa tarumbeta ashike.

Saivi tunaandaa wimbo wa mahafali ya darasa la saba, wametunga watoto wenyewe, unahusu mfongo unaoteremsha maji toka mlimani mpaka kwenye migomba ya bibi zao, na maneno ni mazuri kweli. Kama kuna anayekuja huku kupitia Holili tunaomba mafuta ya valvu, chupa ndogo tu, na nyuzi za gitaa, hasa ile nyembamba ya kwanza maana ndio inakatika kila mara. Sauti ya kwanza na ya pili wameshashika. Ya tatu tunaanza kesho mchana, wavulana kadhaa sauti zimeanza kuwa nzito na pale juu hawafiki tena, kwa hiyo do tunaitoa G tunaishusha mpaka E.